GHC inapogoma: kusoma dalili wakati wa kuijenga na kuitunza

GHC, kompaila ya lugha ya Haskell (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa na mashine), imeandikwa kwa Haskell. Kwa hiyo kila unapoijenga kutoka kwenye msimbo wake, mezani kuna kompaila tatu. Kuna ya kuanzia, ile uliyokwisha kuisakinisha kwenye mashine. Kuna ya hatua ya 1, yaani msimbo mpya uliojengwa na kompaila ya kuanzia. Kisha kuna ya hatua ya 2, msimbo ule ule mpya uliojengwa na ile ya hatua ya 1. Zote hutoa ujumbe wa makosa wenye sura moja, na muda mwingi kwenye kazi hii hupotea kwa kumtibu asiye mgonjwa. Kwa kila dalili iliyo hapa chini, anza na swali hili: ni ipi kati ya hizo tatu inayolalamika?

Majina ya folda hayasaidii. `_build/stage0/bin/ghc` ni kompaila ya hatua ya 1, na `_build/stage1/bin/ghc` ni ya hatua ya 2. Folda inamtaja aliyejenga, si aliyejengwa. Ukitaka kujaribu badiliko lako kwenye programu ya kawaida, unayoihitaji karibu siku zote ni hiyo iliyo ndani ya `stage1`.

Maelezo haya ni ya Hadrian, mfumo wa ujenzi ulioandikwa kwa Haskell juu ya maktaba ya Shake. Mfumo wa `make` uliondolewa kuanzia toleo la 9.6 la mwaka 2023. Ukikuta maelekezo yanayokutaka uhariri `mk/build.mk`, ni ya zama zilizopita.

## Dalili: `./boot` au `./configure` inakataa mapema

Hizi ni hati zinazoandaa msimbo kabla ya ujenzi. Sababu inayoongoza ni hazina ndogo (submodules) ambazo hazijapakuliwa. Msimbo wa GHC hauko kwenye hazina moja: maktaba kama `binary`, `text`, `containers` na `Cabal` zina hazina zao, na GHC huelekeza kwenye komiti maalumu (hali ya msimbo iliyohifadhiwa na Git) ya kila moja. Aliyepakua faili ya ZIP kutoka kwenye nakala ya GitHub hana hata moja. Njia sahihi ni hii:

```
git clone --recurse-submodules https://gitlab.haskell.org/ghc/ghc.git
```

Mtandao ukikatika katikati, `git clone` haiendelei ilipoishia, inaanza upya, na kwa anayetumia bando la simu hilo ni maumivu. Chukua kwanza nakala fupi kwa `--depth 1`, kisha hazina ndogo kwa `git submodule update --init --recursive`, ambayo unaweza kuirudia mara nyingi upendavyo kwa kuwa huruka zilizokwisha kufika. Historia kamili utaivuta baadaye kwa `git fetch --unshallow`. Utaihitaji, kwa sababu bila historia huwezi kutumia `git bisect`, inayotafuta komiti iliyoleta kosa, na vipimo vya utendaji havitakuwa na kitu cha kulinganishia.

Inayofuata ni kompaila ya kuanzia iliyo nje ya mipaka. Kanuni ya mradi ni kwamba toleo jipya lijengeke kwa matoleo makuu mawili yaliyolitangulia. Kiwango cha chini kimeandikwa ndani ya `configure.ac`, kwenye mstari wa `MinBootGhcVersion`. Kisome hapo badala ya kukisia. Kama una matoleo kadhaa kupitia kisakinishi cha `ghcup`, taja unalolitaka waziwazi:

```
./boot
./configure GHC=$HOME/.ghcup/bin/ghc-9.6.7
```

Kisha kuna Alex na Happy, vizalishaji vya kichambuzi cha maneno na kichambuzi cha sarufi. Hapa wengi hunaswa kinyume na wanavyotarajia: kinachokataliwa mara nyingi ni toleo jipya mno. `configure` hutaja mipaka inayokubali. Sakinisha toleo lililomo humo kwa `cabal install` (`cabal` ni kifaa cha kusakinisha vifurushi vya Haskell) na uhakikishe `~/.cabal/bin` au `~/.local/bin` iko mbele kwenye `PATH`.

Mwisho ni vifaa vya mfumo. `autoreconf` isipopatikana, weka `autoconf` na `automake`. Ujumbe wa `cannot find -lgmp` ukitokea, kwenye Debian na Ubuntu weka `libgmp-dev`, kwenye Fedora `gmp-devel`. Kwa `-ltinfo` weka `libncurses-dev` au `ncurses-devel`. Kwenye Windows fanya kazi ndani ya MSYS2, na zima ubadilishaji wa miisho ya mistari kwa `git config --global core.autocrlf false` kabla ya kupakua. Ukiizima baada ya kupakua, faili zilizokwisha kuharibika hazijirekebishi.

## Dalili: Hadrian yenyewe haijengeki

Hadrian ni programu ya Haskell, hivyo hujengwa kwanza kwa kompaila ya kuanzia na `cabal`. Ukiona `Could not resolve dependencies` kabla ya moduli yoyote ya GHC kutajwa, kompaila mpya haijaguswa bado. Usihangaike na msimbo wako. Endesha `cabal update`. Isipotosha, kompaila yako ya kuanzia huenda ni mpya kuliko maktaba zilizofungiwa na tarehe ya `index-state` kwenye `hadrian/cabal.project`, na dawa rahisi ni kushuka toleo moja. Kusogeza tarehe hiyo kwa mkono kunawezekana, lakini usiipeleke kwenye ombi lako la kuunganisha pamoja na kazi nyingine.

Mashine isiyo na intaneti ina njia yake: folda ya `hadrian/bootstrap` ina hati ya Python ya kujenga Hadrian bila `cabal`, kwa vifurushi ulivyopakua kwingine.

## Dalili: ujenzi unakatika katikati bila maelezo

Mchakato umekufa, kuna neno `Killed` au namba -9 au 137, na hakuna kosa la Haskell lolote. Angalia `dmesg | tail`. Ukikuta `Out of memory`, Linux imeua kompaila ili kujinusuru. `-j` bila namba hutumia viini vyote vya prosesa, na kila kiini hubeba GHC moja yenye njaa ya kumbukumbu. Kwenye mashine ya GB 8 anza na `-j2`.

Punguza pia mzigo wenyewe. Hadrian huita seti zake za mipangilio "ladha", na ile ya kawaida hujenga hata maktaba za upimaji wa matumizi ya muda na kumbukumbu (profiling) ambazo pengine huzihitaji:

```
hadrian/build -j2 --flavour=quick+no_profiled_libs --docs=none
```

`--docs=none` huondoa pia kundi zima la makosa ya Sphinx na LaTeX. Baada ya kumbukumbu, kagua diski kwa `df -h`. Mti uliojengwa hula gigabaiti kadhaa, na kiunganishi (linker) kikikosa nafasi hutoa ujumbe usioeleweka.

## Dalili: jana ilijengeka, leo baada ya `git pull` haitaki

Hii ndiyo inayoripotiwa mno, na karibu kila mara kosa haliko kwenye msimbo wa mtu yeyote. Mti umechanganyika: sehemu ni ya jana, sehemu ni ya leo. Ujumbe huja kwa sura nyingi, `mismatched interface file versions`, `Something is amiss`, au moduli inayodaiwa haipo ilhali unaiona kwa macho.

Pita kwa mpangilio huu, kutoka jepesi hadi zito. Kwanza `git submodule update --init --recursive`, kwa kuwa `git pull` ya kawaida haihamishi hazina ndogo. Pili, rudia `./boot && ./configure`: namba ya toleo na orodha ya vifaa huandikwa wakati wa `configure`, na Hadrian haiwezi kukisia kwamba vimebadilika. Tatu, `rm -rf _build` na uanze upya. Ni saa nzima au zaidi kwenye mashine ya wastani, ndiyo maana watu huikwepa, halafu hutumia saa nne kutafuta kasoro isiyokuwepo.

Kuna mtego unaoendana na huo. Ukisahau kuhamisha hazina ndogo kisha ukaandika `git commit -a`, komiti yako itarudisha nyuma kielekezi cha hazina hiyo kimyakimya. Angalia `git status` kabla ya kila komiti. Mstari kama `modified: libraries/Cabal (new commits)` usioutarajia ni ishara ya kusimama. Mpangilio `git config submodule.recurse true` hupunguza ajali hii.

Kwa kazi ya kila siku, usijenge kila mara. `hadrian/ghci` hupakia kompaila nzima ndani ya GHCi, GHC ya kuandikiana amri moja kwa moja, na kukupa makosa ya aina (types) baada ya `:reload`. Jenga kweli pale tu aina zote zinapokaa sawa.

## Dalili: hatua ya 1 inapita, ya 2 inagoma (au kinyume chake)

Hapa ndipo swali la nani anayelalamika linapolipa.

Kosa likitokea wakati kompaila ya kuanzia inajenga folda ya `compiler/`, na ujumbe unasema jina halipo au moduli haitoi jina hilo, umetumia kitu kipya mno. Msimbo wa kompaila lazima ukubaliwe na pande mbili: kompaila ya zamani kwenye hatua ya 1, na mpya kwenye ya 2. Baadhi ya maktaba, kama `ghc-boot`, hujengwa upya kwenye hatua ya mwanzo, lakini `base` siyo. Hatua ya 1 hutumia `base` iliyokuja na kompaila ya kuanzia. Fanksheni uliyoiongeza leo kwenye `base` haiwezi kutumika leo ndani ya `compiler/`. Itakubidi ungoje kiwango cha chini kipande, au uweke masharti:

```
#if __GLASGOW_HASKELL__ >= 908
...
#endif
```

Kosa likitokea wakati hatua ya 1 inajenga `ghc-internal` au `base`, basi kompaila mpya ndiyo inayozungumza, na mshukiwa ni badiliko lako. Maktaba hizo ndizo programu kubwa za kwanza ambazo kompaila yako mpya inakutana nazo. Usijaribu kutatua ndani ya `base`. Chukua moduli iliyoanguka, toa vipande hadi ibaki mistari michache, kisha ijenge kwa mkono kwa `_build/stage0/bin/ghc`.

Ukiona `Can't find interface-file declaration`, uwezekano mkubwa ni kwamba umehamisha aina au fanksheni ambayo kompaila inaijua kwa jina. Majina hayo yameorodheshwa ndani ya `GHC.Builtin.Names` pamoja na moduli zake. Ukihamisha kitu kwenye maktaba bila kusahihisha orodha hiyo, kompaila itaendelea kukitafuta kwenye nyumba ya zamani. Tangu toleo la 9.10 la mwaka 2024, ambapo sehemu kubwa ya `base` ilihamia `ghc-internal`, kosa hili limekuwa rahisi zaidi kulifanya. Bendera ya `-ddump-if-trace` huonyesha faili ya `.hi` (kiolesura cha moduli iliyokompailiwa) iliyosababisha.

Ikiwa hatua ya 2 inajengeka lakini inaanguka mara tu inaposoma maktaba zake, jiulize kama ulitumia `--freeze1`. Bendera hiyo huzuia hatua ya 1 isijengwe upya, na kwa kazi nyingi ni neema. Lakini maktaba ambazo hatua ya 2 inazisoma ziliandikwa na hatua ya 1. Ukibadilisha muundo wa faili za `.hi`, au namna fanksheni zinavyoitana kwenye msimbo wa mashine, huku hatua ya 1 imegandishwa, mwandishi na msomaji watakuwa wanatumia hati mbili tofauti. Iondoe bendera na ujenge zote mbili.

## Dalili: inaanguka mara moja, ukirudia inapita

Watu hurudia amri, inapita, wanaendelea na maisha. Usifanye hivyo kama umegusa `ghc-internal`. Ujumbe wa kawaida ni `Failed to load interface` kwa moduli kama `GHC.Num.Integer`, ukifuatwa na `There are files missing`.

Kisa chenyewe ni hiki. Kompaila huingiza marejeo ambayo hayamo kwenye msimbo: ukiandika namba kamili tu, inahitaji moduli ya `Integer` hata kama hukuiagiza kwa `import`. Hadrian hupanga foleni ya ujenzi kwa kufuata `import` zinazoonekana. Kazi zikiendeshwa sambamba, moduli yako inaweza kutangulia mbele ya ile inayoitegemea kwa siri. Mara ya pili faili tayari ipo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kizuri.

Dawa ni agizo tupu la `import GHC.Num.Integer ()`, au jina lake la sasa chini ya `GHC.Internal`, ili utegemezi uonekane. Maelezo kamili yako kwenye msimbo, chini ya `Note [Depend on GHC.Num.Integer]`. Kwa jumla, GHC huhifadhi kumbukumbu zake ndani ya maoni marefu ya namna hiyo yenye kichwa `Note`. Ukikutana na mstari wa ajabu, tafuta kichwa kilichotajwa karibu nao kwa `git grep` kabla ya kuufuta.

## Dalili: majaribio yanashindwa

Endesha jaribio moja kwanza, si yote:

```
hadrian/build test --flavour=quick --only=T12345
```

Namba baada ya herufi T kwa kawaida ni namba ya tatizo kwenye GitLab. Isome: mara nyingi inaeleza jaribio linalinda nini, na hilo ndilo litakalokuambia kama mabadiliko ya matokeo ni halali.

Sababu ya kawaida ni maneno ya ujumbe wa kosa kubadilika. Kama mabadiliko ni ya makusudi, ongeza `-a` na faili za `.stderr` na `.stdout` zitaandikwa upya. Kisha soma `git diff testsuite/` mstari kwa mstari. Kukubali mia kwa mpigo bila kusoma ndiyo njia ya haraka ya kuhalalisha kasoro mpya. Kumbuka pia kwamba majaribio mengine yana matokeo ya pekee, kama `.stdout-ws-32` kwa mashine za biti 32 na `.stderr-mingw32` kwa Windows. Mashine yako haitayaandika upya, na CI, mfumo wa mradi unaojenga na kujaribu kila badiliko, itakukumbusha.

Matokeo yakibadilika kila mara unapoendesha, tazama kama yana namba za utambulisho ambazo kompaila hugawa ndani. `-dsuppress-uniques` huziondoa. Namba za matoleo ya vifurushi hufichwa kwa `normalise_version` kwenye faili ya `all.T`.

Vipimo vya utendaji ni habari nyingine. Hupima hasa baiti zilizogawiwa, kwa kuwa muda wa saa hutikisika mno. Ukivipima kwa kompaila ya `quick`, namba zake hazilinganishiki na za CI, kwa hiyo kushindwa huko nyumbani hakuthibitishi kitu. Namba za kulinganishia huhifadhiwa kama `git notes`, si kwenye faili. Ongezeko likithibitika kwenye CI na ukaweza kulitetea, ujumbe wa komiti hubeba tamko lake:

```
Metric Increase:
    T9233
```

Tamko hilo si muhuri wa kupitishia chochote. Mkaguzi atauliza limetoka wapi, na "sijui" si jibu litakalopita. Jenga kompaila yenye upimaji kwa `--flavour=default+profiled_ghc+no_dynamic_ghc`, iendeshe kwenye faili hiyo na `+RTS -p`, ulinganishe kabla na baada.

Jaribio la `base-exports` likishindwa, umebadilisha kinachoonekana na watumiaji wote wa `base`. Simama hapo. Mabadiliko hayo yanahitaji pendekezo kwa Core Libraries Committee, kamati inayosimamia `base`, na `-a` haiwezi kuchukua nafasi ya kibali chao. Jaribio la `codes` likishindwa, umeongeza au kuondoa kosa lenye namba ya utambulisho, zile za sura ya `GHC-12345` zilizoanza na 9.6. Namba iliyokwisha kutolewa haipewi kosa jingine hata kosa lake likifutwa.

Na kama kwako yote yanapita lakini CI inakataa: CI hugeuza maonyo kuwa makosa. Ongeza `+werror` kwenye ladha yako.

## Dalili: `panic! (the 'impossible' happened)`

Paniki ina maana kwamba sharti ambalo mwandishi aliliamini limevunjika, na mara nyingi limevunjika mbali na pale lilipogunduliwa. Kwanza jenga kompaila yenye ukaguzi wa ndani, `--flavour=devel2`. Humo masharti mengi hukaguliwa mapema, na paniki hugeuka kuwa `ASSERT failed` karibu zaidi na chanzo. Ongeza `-dppr-debug` upate maelezo marefu ya kila jina.

Kama paniki iko kwenye kikagua aina, `-ddump-tc-trace` huandika kila hatua. Ni maelfu ya mistari, kwa hiyo punguza programu kwanza. Kama iko baada ya hapo, washa `-dlint` na acha kompaila ijishtaki. Core, lugha ya kati ya GHC, ina aina zake, na Lint, kikaguzi chake cha ndani, huzikagua baada ya kila pasi (hatua moja ya kubadilisha msimbo). Ujumbe wa `Core Lint errors : in result of` hutaja pasi iliyoharibu. Pasi iliyotajwa ndiyo ya kuchunguza, hata kama paniki yenyewe ilitokea pasi tatu mbele.

Lint isiposema kitu, zima pasi moja moja: `-fno-specialise`, `-fno-spec-constr`, `-fno-full-laziness`, `-fno-cse`, `-fno-worker-wrapper`, `-fno-enable-rewrite-rules`. Dalili ikitoweka, umepata mtaa, ingawa si lazima umepata nyumba. Pasi nyingine huweza tu kufichua kilichoharibiwa mapema.

`Simplifier ticks exhausted` ina tabia yake. Sababu ya kwanza ni `RULES` mbili (kanuni za kubadilisha msimbo) zinazogeuziana msimbo bila kikomo, au fanksheni za `INLINE` zinazoitana. `-ddump-simpl-stats` itaonyesha jina linalojirudia. Mara chache ni programu kubwa tu, na `-fsimpl-tick-factor=200`, mara mbili ya kiwango cha kawaida, huimaliza. Ukihitaji kupandisha tena na tena, una mzunguko.

Simama ikiwa Lint inakuambia aina hazilingani na suluhisho unalolifikiria ni kuilegeza Lint. Huenda umegundua tundu kwenye uthabiti wa mfumo wa aina, na hilo linahitaji macho ya wanaotunza kikagua aina. Faili ya `CODEOWNERS` kwenye mzizi wa hazina inaonyesha nani anashika folda gani.

## Dalili: programu iliyokompailiwa inafanya kazi, GHCi inasema `unknown symbol`

Hii huwapata walioongeza operesheni ya msingi (primop). Operesheni iliyoandikwa nje ya mstari (out-of-line) hutajwa sehemu kadhaa, zikiwemo hizi nne, na ya nne husahaulika: `primops.txt.pp`, utekelezaji kwenye `rts/PrimOps.cmm`, tamko kwenye `rts/include/stg/MiscClosures.h`, na orodha ya `rts/RtsSymbols.c`. Kiunganishi cha mfumo hakihitaji orodha hiyo ya mwisho. Kiunganishi cha ndani cha RTS (mfumo unaoendesha programu za Haskell), ambacho GHCi hukitegemea, kinaihitaji. Jina linaloishia na `#` huandikwa humo likiishia na `zh`.

## Dalili: `Segmentation fault` au `strange closure type`

Usikimbilie mzoa taka wa kumbukumbu. Anza na msimbo wa mtumiaji: `unsafeCoerce`, kisha `foreign import unsafe` inayoita C ambayo nayo inarudi kuita Haskell, jambo lisiloruhusiwa na linaloharibu rundo (stack) kimyakimya. Badilisha iwe `safe` na ujaribu tena. Kisha safu zinazosomwa nje ya mipaka: jenga programu pamoja na maktaba zake kwa `-fcheck-prim-bounds`.

Vyote vikiwa safi, linganisha viwango vya uboreshaji `-O0` na `-O1`, halafu kizalishaji cha kawaida cha msimbo na `-fllvm`. Kuanguka kwa kimoja tu kunakuelekeza kwenye `GHC.CmmToAsm` au `GHC.CmmToLlvm`. `-dcmm-lint` iwe imewashwa muda wote.

Ndipo uje kwenye RTS. Unganisha programu kwa `-debug` na `-rtsopts`, kisha uiendeshe hivi:

```
./programu +RTS -DS -A64k
```

`-DS` hukagua usafi wa kumbukumbu kila uzoaji, na eneo dogo la `-A64k` hulazimisha uzoaji wa mara kwa mara, hivyo kosa la nadra huwa la kila mara. Kwenye `gdb`, usitegemee orodha ya miito kama ya C: rundo la Haskell si rundo la C, na bila taarifa za `-g` utaona takataka.

Uharibifu ukithibitika kuwa ndani ya RTS na hutokea kwa nyuzi nyingi tu, usirekebishe kwa kuongeza kizuizi hadi dalili itulie. Makosa ya mpangilio wa kumbukumbu hutulia kwenye prosesa za x86 na kurudi kwenye za AArch64, ambayo mpangilio wake ni legevu zaidi. Fungua tatizo kwenye GitLab na uwaite watunzaji wa RTS. Ambatisha matokeo ya `ghc --info`, namba ya komiti, ladha uliyojengea, amri nzima yenye bendera zote, na programu isiyotegemea kifurushi chochote zaidi ya `base`. Kama bado inahitaji vifurushi vitatu vya Hackage (ghala la vifurushi vya Haskell) ili ianguke, nakili moduli husika ndani ya faili moja na uendelee kukata. Na kama kosa hutokea mara moja kati ya majaribio hamsini, andika hivyo hivyo pamoja na idadi ya viini na thamani ya `-N`, kwa sababu atakayeipokea ataiendesha mara tano, itapita, na tatizo litafungwa.